Nota ya Ukurasa wa Saba

Jumatatu, 4 Machi
Nakala ya kusahihisha imefika kutoka kwa mchapaji! Kurasa thelathini na mbili. Vipande sita vya piano vya karne ya kumi na tisa, na miaka minne ya macho yangu katika kuvihariri. Nimezinusa. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo si aibu. Iliyobaki ni kuhakiki kwamba kila alama ni ya mtunzi mwenyewe, si ya wajuaji waliomfuata. Wiki mbili tu, kisha mashine inawashwa, na hapo kifutio hakisaidii.

Jumatano, 6 Machi
Nimeduwaa. Ukurasa wa saba, mstari wa tatu, ile nota ya juu – nakala yangu ina alama ya kuishusha nusu sauti. Picha ya muswada wa mtunzi haina! Nimeweka lenzi. Hakuna wino, hakuna doa. Chapa zote za zamani zinayo, na mimi nikaiandika huku muswada uko mbele ya pua yangu. Mkono uliandika ulichofundishwa. Miaka minne nawasema wahariri wa zamani kwa uzembe, kumbe na mimi nimo.
Aliyenifundisha namjua vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeizunguka habari hii siku mbili, sasa niiandike. Nota hii ndiyo iliyomwangusha dada yangu. Mtihani wa mwisho wa piano, ana miaka kumi na saba. Aliipiga bila kuishusha. Mwalimu wetu – tulimwita Mama Penseli, kwa jinsi alivyotugonga nayo vidoleni – akamwambia arudie. Akarudia vilevile. Eti ndivyo anavyoisikia. Mwalimu akamuuliza kama anajua kuliko kitabu, akamfelisha. Dada alifunga kifuniko cha piano taratibu, hajakifungua mpaka leo. Sasa ni fundi cherehani, tena hodari. Piano ya nyumbani nikabaki nayo mimi, na sijawahi kupiga kama yeye. Hata robo.
Nimempigia simu jioni. Tumeongelea mvua, magoti yake, vifungo vya sare za shule. Nikaaga. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Ngoja kwanza. Huenda mtunzi aliongeza alama ile mwenyewe, kazi ikiwa kwa mchapaji wake. Basi Mwalimu atakuwa sahihi, dada hatadai kitu, na mimi nitalala. Nimemwandikia mkutubi anayetunza barua za mtunzi.
Najiona natamani iwe hivyo. Si vizuri.

Jumanne, 12 Machi
Mkutubi amejibu. Barua ipo, na mtunzi amemfokea mchapaji wake kwelikweli: mmeishusha nota yangu ukurasa wa saba, irudisheni! Hawakuirudisha.
Nimefuta alama. Nimeandika tanbihi, mistari miwili. Kwenye karatasi mambo yamekwisha. Ila msomaji wa pili wa kuhakiki nakala hii ni Mama Penseli. Nilimwomba mwenyewe mwaka jana, tena kwa kutamba. Na kitabu kizima nimekitabaruku kwake! Anakuja keshokutwa.

Alhamisi, 14 Machi
Tulipatana saa nne. Amefika saa nne kasorobo, akasema nimechelewa. Nyumbani kwangu mwenyewe! Shikamoo, marahaba, chai bila sukari. Tukaanza kama siku zote: yeye anasoma muswada kwa sauti, nota moja moja, mimi nafuata kwa kidole kwenye nakala. Kurasa sita, hakuna neno, isipokuwa kwamba nakaa kama gunia.
Ukurasa wa saba, mstari wa tatu. Akafika kwenye nota ya juu – akaishusha! Kwa mdomo, kutoka kichwani, na muswada ameushika mkononi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, Mwalimu, naomba uirudie. Akarudia vilevile. Nikamsogezea lenzi. Halafu barua.
Aliisoma mara mbili. Hakuniuliza kama nina uhakika, maana uhakika nilifundishwa na yeye. Akatoa penseli, akatia alama ya vema kando ya tanbihi. Roho iliniuma, nampenda huyu mama.
Kisha akauliza kama dada bado ana namba ileile. Nikaanza kusema sijui kama atataka – akanikatiza. Nimpigie dada. Sasa hivi. Nimpe yeye simu.
Nimepiga, nimempa, nimekimbilia jikoni na daftari hili. Mlango uko wazi. Dada amepokea. Mwalimu amejitaja jina, basi. Sasa anavuta kiti cha piano. Simu ameiweka pale panapowekwa karatasi za nota. Anapiga ukurasa wa saba, polepole, vidole vya miaka themanini na mmoja. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu –
Amesimama. Nota ya juu hajaigusa. Anamuuliza dada, hapa wewe unasikiaje?