Kona Niliyoisahihisha

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua: husoma kwa mkono mmoja na kukoroga sufuria kwa mwingine. Magoti yanaendeleaje? Bado unapumzika kila baada ya ngazi kumi kabla hujafika ghorofani, au daktari amekubadilishia dawa? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili. Macho ndiyo yananikimbia kidogo kidogo, lakini penseli bado naishika na mstari wangu bado umenyooka.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu habari za mkono wa mwanao, na mara zote mbili nilisema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri. Nitakujibu humu, ila nivumilie nianze mbali. Si unajua kaka yako hawezi kumwambia mtu ni saa ngapi bila kumweleza kwanza saa inavyotembea.

Ile mashine niliyoinunua nilipostaafu kufundisha uchoraji wa ufundi ingali inafanya kazi. Wewe uliiita cherehani isiyo na sindano, na hukukosea sana. Huyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayezungusha kamba mpaka ipatikane ndoo. Watu huniletea visivyouzwa tena madukani: kitufe cha feni, gurudumu la kiti cha mgonjwa, meno ya mashine ya kufulia. Kioo cha mashine kinacholaziwa plastiki kina mkwaruzo mwembamba kama unywele, tangu siku niliyokiangushia bisibisi. Kwa hiyo kila kipande kinachotoka kwangu kina mstari wa mshazari upande wa chini. Sijawahi kumwambia mtu. Ni kama alama ya kuzaliwa, anaijua mzazi tu.

Mwaka jana halmashauri iliniita kwenye kamati. Walikuwa wamesikia kwamba mashine kama yangu zinatumiwa kutengenezea bastola majumbani, na sheria ya zamani ilieleza silaha kuwa chombo cha chuma. Neno hilo moja, chuma, liliacha mlango wazi. Bastola ya plastiki haina namba, haimo kwenye daftari la mtu yeyote, na geti la ukaguzi linalolia likihisi chuma huipita kimya. Tena haina adabu hata kwa mwenyewe: plastiki haikuumbwa kwa mshindo wa namna ile, ikipasuka humwumiza kwanza aliyeishika. Niliyaeleza hayo yote ubaoni, na wajumbe wakanakili kama wanafunzi.

Mimi ndiye niliyependekeza kila karakana iandikishwe na iwe na daftari la kila kipande: ni nini, cha nani, amekichapa nani. Mimi pia ndiye niliyeng'ang'ania kifungu cha tisa, kwamba fundi anayechapa sehemu ya silaha ana hatia hata kama hakujua ni ya nini, ikiwa hakuuliza. Mama mmoja seremala, mjumbe mwenzetu, alikuja juu. Alisema Mwalimu, mimi nikiuza meza siulizi kitaliwa nini juu yake, sasa mtu afungwe kwa kutojua? Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya darasani kwamba fundi huuliza, na asiyeuliza ameamua kutojua. Wakacheka, wakapiga kura, kikapita. Sheria ndogo hiyo ina miezi minne sasa.

Wiki tatu zilizopita wafagiaji walikuta vipande vya plastiki vilivyopasuka, vingine vina damu, kwenye pipa la taka nyuma ya karakana yangu. Pipa hilo tunalitumia wawili, mimi na fundi simu wa chumba cha pili. Polisi walimtazama kwanza yeye, kwa sababu ana mashine ndogo nyuma ya pazia na hakuiandikisha. Alikuwa anasema ataenda kesho, kesho. Unamjua, ndiye aliyekutengenezea simu bure ulipokuja, akasema kioo cha dada wa Mwalimu hakina bei. Ana siku kumi na moja mahabusu.

Na mimi wakanifanya mtaalamu wao. Inspekta mwenyewe nilimfundisha. Mpaka leo ananiita Mwalimu, ingawa nasikia wakiwa peke yao wananiita Rula, jina lile lile la shuleni. Aliniwekea mezani mfuko wenye kipande kimoja kizima, mpini, akaniomba niseme umechapwa kwenye mashine gani. Niliugeuza. Mstari wa mshazari ulikuwapo, mwembamba kama unywele. Nikamwambia kwamba jambo hili linahitaji muda. Akasema chukua muda wako, Mwalimu, wewe hukosei.

Tangu hapo sina pa kwenda, mdogo wangu. Karakana ina dirisha moja, na dirisha linatazama lile pipa. Mke wa fundi simu huja kila asubuhi na kuketi kwenye kigoda karibu na mlango, kwa hiyo hata kutoka siwezi bila kuomba nipishwe. Halii wala halaumu. Huuliza tu, Mwalimu, limefikia wapi? Nami humwambia bado napima. Juzi alisema mume wake amemtuma aniambie mtu asimhangaikie, maana anajua kazi ikiwa kwa Mwalimu imekwisha. Nilijifanya natafuta kifutio chini ya meza.

Sasa nifike kwenye mkono wa mwanao. Haukubanwa na mlango wa gari kama alivyokwambia. Alikuja kwangu mchana ule akiwa ameufunga kwa shati, akauosha kwenye beseni langu, na kabla sijampeleka hospitali alitupa kitu kwenye pipa. Sikuuliza ni nini. Baada ya polisi kunionyesha mfuko nilimwita, akakaa pale pale anapokaa mke wa fundi simu, akanieleza yote. Alikuwa amenyang'anywa pikipiki na mizigo ya watu mara mbili, akachoka kuogopa. Sehemu nyingine alizichapisha kwa watu wa mbali, moja huku, moja kule, asiwepo wa kuona kitu kizima. Alikwenda kuijaribu peke yake kwenye machimbo ya kokoto, ikampasukia. Vidole viwili havitarudi.

Ananisihi niandike kwamba mashine haijulikani. Anasema, mjomba, haijulikani si uongo, ni neno tu. Nilipomwambia twende wote kwa Inspekta, aliniuliza, kwani nani alinisahihishia mchoro?

Ni kweli. Aliniletea mchoro wiki sita zilizopita, akasema ni mpini wa pampu ya kunyunyizia dawa. Mistari safi, vipimo vimekaa sawa, kazi niliyomfundisha nikidhani hakusikia. Nilifurahi mno. Kosa lilikuwa moja: kona ya ndani ilikuwa kali, na kona kali ndipo ufa unapoanzia. Nikachukua penseli nyekundu, nikaizungusha. Ningeiacha, mpini ungemvunjikia mkononi mezani tu, akauona ni upuuzi, akatupa. Mshindo ule ulipasua vyote isipokuwa sehemu niliyoisahihisha mimi. Tena mpini ule ulikuwa na mteremko ambao pampu haina haja nao. Niliuona, mdogo wangu. Niliuona na sikuuliza, kwa sababu nilitaka kuendelea kufurahi.

Kwenye daftari, safu ya mwenye kipande, sikuandika jina. Niliandika "mpwa", kama mtu anayeandika ukutani kwake. Mkaguzi alipopita alicheka, akaniuliza Mwalimu una wapwa wangapi? Nikacheka naye. Ninaye mmoja.

Ripoti nimeimaliza: mpini umechapwa kwenye mashine yangu. Kwenye daftari nimelikata neno "mpwa" kwa mstari mmoja, na juu yake nimeandika jina lake kamili, lile ulilomchagulia wewe mwenyewe. Safu ya fundi ina jina langu, na pembeni nimeandika kifungu cha tisa. Ripoti naipeleka kesho saa mbili asubuhi, na mwanao anaijua saa hiyo. Akija tutaongozana. Asipokuja nitakwenda na daftari.

Barua hii nitampa dereva wa basi ili ikufikie keshokutwa. Ningepiga simu ungelia, na ukilia mimi hubadilisha neno. Tangu utoto imekuwa hivyo. Unikasirikie ukishatulia, nitakuwapo. Wape majirani salamu zangu, shemeji aendelee na dawa hata kikohozi kikikoma, na ngazi uzipande polepole. Mke wa fundi simu bado yuko mlangoni ninapoandika haya. Naweka kalamu chini nimwambie limefikia wapi.

Ni mimi kaka yako,
Rula