Msimwage Simiti Hiyo

Malili, Jumapili

Kwako ndugu yangu Mutemi,

Mimi nina miaka sabini na nane. Nimeishi kupita ile njaa ambayo watu walikufa pesa ziko mkononi. Nimeishi kupita mke wangu, Mungu amweke mahali pema, na nimeishi kupita yule daktari aliyesema figo itaniua kabla ya Krismasi. Krismasi ilifika, tukamzika yeye. Kwa hivyo mtu asije akaniambia ninyamaze kama mtoto.

Hamjambo huko Kyuso? Hilo goti lako la kushoto linakuachia ulale? Shemeji kifua kimefunguka? Mbuzi wamepata majani, ama bado wanatafuna makaratasi sokoni? Mimi nipo. Binti yangu Mwende ananitunza, ila ananipikia wali laini kila siku kama mtu asiye na meno, na meno ninayo tisa. Hapa Malili hakuna anayejua kutwanga mahindi ya muthokoi. Kazi yao ni kusimama kando ya lami na kuinulia magari nyanya, na gari likipita bila kusimama wanalitukana. Hiyo ndiyo kazi ya mwanamume siku hizi. Nikimaliza kliniki ya mwezi huu narudi nyumbani, hata kwa miguu.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Jana ulinikatia simu. Mimi niliyekubeba mgongoni tukienda kuteka maji, ulinikatia simu! Mwende alikuwa amenionyesha ile picha ya mtaro mliochimba mtoni, pale mnapotaka kujenga ukuta wa kushika mchanga na maji. Nikakuuliza vizuri, bila hasira, "Mutemi, hapo chini mmefika mwamba?"

Ukasema, "Tumefika, kaka. Tumegonga na mtaimbo, umelia ting! Watu wote wa mwethya waliokuja kusaidia kuchimba wamesikia. Akina mama wamepiga vigelegele."

"Na yule injinia wa mradi anasemaje?"

"Huyo mtoto? Ati tuchimbe shimo dogo, tumwage maji, tungoje siku mbili. Nikamwambia, kijana, kaka yangu alijenga madaraja Ulaya wewe ukiwa bado unanyonya. Yeye ndiye alitufundisha: mwamba ukigongwa unalia, na ukilia, unaweka simiti. Komiti yote ikacheka. Akafunga kitabu chake."

"Mutemi, msimwage."

"Aiya! Sasa huo ni wivu, kaka. Kwa sababu tunajenga wewe haupo."

Ukakata.

Sikupiga tena. Mwende alikuwa ameketi hapo akichambua ndengu, na maneno yaliyobaki hayasemwi mbele ya binti yako. Kwa hivyo nimeomba karatasi. Unajua kalamu na mimi si marafiki, hii barua ni ya tangu asubuhi, na barua ya bibi harusi sikuiandika hata nusu saa. Dereva wa lori la vitunguu anaondoka kesho asubuhi kupitia Mwingi. Ameniapia itakufikia Jumanne. Simiti mnamwaga Ijumaa. Siku zinatosha, kama utaacha kichwa kigumu, ambacho najua ulikitoa wapi.

Nyinyi mnasema "Kitheka alijenga ng'ambo" kama mnaongea juu ya kanisa. Hamjui mnachosema. Hamkuwa hapo. Ilikuwa kazi tamu, Mutemi, sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Tulikuwa maaskari thelathini wa ujenzi, tumetumwa kulinda amani katika nchi yenye baridi ya kupasua mdomo. Kipande kimoja cha daraja la chuma kilibebwa na watu sita, na tulikuwa tunakwenda nacho tukiimba nyimbo za mwethya, za kwetu, na wazungu wanatoka nje kutuangalia. Askari wa nchi zingine wakifanya nusu saa wanakaa kunywa kahawa. Sisi tulisimamisha daraja kabla kahawa yao haijapoa. Maji ya simiti tuliyapasha moto kwenye madramu, na ukuta ukishamwagwa tunaufunika blanketi kama mtoto mchanga. Nani alibuni hiyo ya blanketi? Mimi. Chakula chao kilikuwa kabichi na mafuta ya nguruwe, kabichi na mafuta ya nguruwe, na bado nilinenepa. Nikikumbuka harufu ya chuma asubuhi na barafu, nasikia kama nina miaka arubaini.

Na ile hadithi ya nguzo mnaijua wote. Nimeisimulia kwa harusi, kwa matanga, mbele ya pasta. Kwamba kapteni mzungu alitaka kuweka nguzo ya daraja juu ya changarawe, mimi sajenti nikagonga na mtaimbo nikamwambia, "Afande, huu haulii, si mwamba," akanicheka, akamwaga, na nguzo ikaanguka. Mnaipenda hiyo hadithi. Hata injinia wenu mmemfunga mdomo nayo.

Soma hapa polepole. Mimi ndiye niligonga. Na ulilia.

Ulilia ting, kama huo wenu, hata zaidi. Mimi mtu wa Kyuso, tangu nizaliwe nimegonga mawe ya jua, ningejua wapi kwamba changarawe ikishikwa na baridi inakuwa kama chuma? Kulikuwa na koplo chini yangu, Dahir, Msomali wa upande wa Garissa, mtu wa maneno machache. Akainama akaushika kwa kiganja. Akasema, "Sajenti, hii kitu inalia kwa sababu ya baridi. Tuwashe moto juu yake tuone."

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Nyinyi watu wa ngamia, jiwe mtalijulia wapi?"

Wakacheka wote. Mimi nikacheka zaidi yao. Kapteni akaniuliza, "Sajenti, ni mwamba?" Nikasema, "Ni mwamba, afande." Yule mzungu aliniamini kama vile mwethya wako unavyoniamini sasa. Tukamwaga.

Jua likaja siku chache, barafu ikayeyuka, na mwamba wangu ukageuka uji. Nguzo ikalala upande kama mlevi anatoka harusini. Dahir alikuwa chini yake anakaza bolti. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilibaki huko. Walipokuja wakubwa kuuliza, nilisema ni kapteni aliamuru, mimi nilimwonya. Kapteni akarudishwa kwao na aibu yangu mgongoni. Dahir alikuwa amelala hapo kitandani, mkono umefungwa, anasikia kila neno. Aliniangalia tu.

Sasa umejua. Ucheke, sijali. Lakini uangalie hiyo picha tena. Huo wenu ni mweupe na una nyufa. Mwamba gani unapasuka vipande kama mkate mkavu? Huo ni udongo, Mutemi, umepigwa na jua misimu mitatu hadi ukawa mgumu. Kule kwangu baridi ilidanganya, hapo kwenu jua linadanganya. Mvua ikija utalainika, mto utapita chini ya ukuta, na ukuta ukilala maji yatageukia kingo. Na ukingo huo ni wa nani? Shamba lako la ndengu liko hapo, na jiko la shemeji liko hatua thelathini kutoka hapo. Na wale akina mama wamebeba mawe kwa vichwa tangu mwezi wa sita! Hawatakubali kuitwa kazi ya mwethya tena maisha yao yote, wala mimi sitawalaumu.

Fanya hivi. Chimba shimo la ukubwa wa sufuria ya kupikia muthokoi, katikati ya mtaro. Jaza maji. Funika na gunia lililoloweshwa, na uongeze maji yakiisha. Ngoja siku mbili kama yule kijana alivyosema. Kisha mpe mtaimbo mwanamke yeyote wa mwethya, asiwe wewe, wewe utaupapasa tu. Mtaimbo ukiingia, chimbeni tena mpaka mfike mahali hauingii hata pakiwa pamelowa. Kama mmewaalika wakubwa kuja kupiga picha Ijumaa, wapige picha ya shimo. Na huyo injinia, sikumpenda nilivyomwona kwenye simu, suruali imembana kama soksi, lakini yeye ndiye mtu mmoja tu mwenye akili mtoni hapo. Mwambieni afungue kitabu chake tena.

Barua hii usiifiche kwa kofia. Isome mbele ya komiti yote, na ile sehemu ya ting uisome mara mbili, kwa sababu wamezeeka masikio kama wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie asiache kunywa maji ya moto. Nisalimie dada yetu mkubwa kule Mwingi, na pasta aliyenipa maikrofoni mara nyingi kuliko nilivyostahili. Mwambie pasta sitaihitaji tena kwa hadithi hiyo.

Mimi kaka yako, sajenti mstaafu,
Kitheka

Ukiona nimeandika hivi kwa sababu ya dawa za figo, usibishane na mimi. Panda gari Jumatano uende soko la mbuzi hapo Mwingi, umuulize Dahir. Anauza mbuzi huko miaka mingi, na mimi miaka hiyo yote nikimwona napita nyuma ya maduka. Utamjua kwa sababu anasalimia kwa mkono wa kushoto, na watu wasiomjua wanadhani ni dharau. Mwambie ni mimi nimekutuma, na kwamba nimesema aseme yote.