Kwa Nini Tuligeuza Mgongo

Detroit,
Novemba 18, 1991

Dada yangu Ernestine,

Pokea salamu zangu za moyoni. Natumai goti limetulia na baridi ya Cleveland haijakufungia ndani. Mwili wangu mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Leo siku ya tisa tangu tumzike ndugu yetu Cleophus. Nimekupigia simu mara kumi na nne, hupokei. Binti yako Delores ameniambia umeniondoa kwenye meza ya Sikukuu ya Shukrani, kwa sababu nilimnyima marehemu wimbo wake. Siwezi kubisha. Watu mia sita waliniona.

Katika wale wanne wa kundi letu la uimbaji nimebaki mimi, kwa hiyo kanisani niliuimba wimbo wetu na kwaya. Tulikwenda vizuri hadi pale pa sauti ya juu kabisa, ile inayojulikana nchi nzima kuwa ya Cleophus. Kwaya ikaniachia. Nikafumba mdomo. Wimbo ukafia palepale, mbele ya jeneza.

Baadaye chini ukumbini mwa kanisa, watu wakila kuku, Dada Odessa wa kwaya aliniuliza, kila meza ikisikia, eti mzee mzima, sauti umeisahau kwenye mashine zako za kufulia? Shemasi Haywood akadakia kwamba mwacheni, huo ni wivu, hata maiti anaonewa. Nilivumilia. Nimesimamisha maduka matatu ya kufulia nguo bila msaada wa mtu, kusemwa nimezoea. Lakini wewe uliinuka ukahama meza.

Sasa sikiliza, dada. Siku tuliporekodi wimbo ule, mwaka 1966, koo la Cleophus lilikataa. Alijaribu mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane mwenye studio aliniambia mimi, mdogo mtu, nisogee kwenye maikrofoni. Sauti mnayoilia redioni ni yangu. Na ile hatua ya kugeuka, wote wanne kuupa umati mgongo, ambayo vikundi vya vijana vinaiiga hadi leo, tuliibuni ili watu wasione ni mdomo wa nani unaofunguka. Tuligeuka hivyo miaka kumi na tatu.

Nilitaka kusema tangu mwanzo, nakuapia. Niliudhika kila alipopigiwa makofi. Lakini alinifuata jikoni kwa Mama akaniambia, Lonzo, wewe una kichwa cha hesabu, utaishi popote. Mimi nina sauti hii tu, niachie.

Bado ninayo sauti ile. Huwa naijaribu dukani, mashine zote zikizunguka, nisisikike. Ningeitoa kanisani, watu mia sita wangejua ilikuwa ya nani. Nilifumba mdomo ili aondoke nayo.

Mjane wake asijue, wala Delores. Nisalimie wajukuu wote saba. Alhamisi ile ya Shukrani nitakuwa nyumbani, karibu na simu.

Ni mimi mdogo wako,
Alonzo