Mfidhuli wa Siku ya Posa

Dutwa, mwezi wa saba 1996

Kwa mjukuu wangu na mke mwenzangu Scola,

Mwadila mayo. Hujambo huko Mkula? Mama yako mdogo Veronica na watoto hawajambo? Mimi mzima, mgongo tu unaniuma, na usiseme ni uzee. Naandika mwenyewe kwa mkono wa kisomo cha watu wazima. Mistari ikipanda mlima, ipande nayo.

Tangu ukimbie, kila mtu anakuita mfidhuli, na baba yako Masalu ndiye wa kwanza. Mashineni wanasema tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, watoto nao wamekuwa watu binafsi.

Siku ile ya posa mimi nilikuwepo. Ulipiga magoti vizuri, ukawanawisha wageni. Maganga, baba wa huyo mchumba, akakukamata kidevu, akataka ufungue mdomo ayaone meno, eti mwanawe haoi asichokikagua. Ndipo jagi lote likamwishia mapajani. Hapo ulikosea. Maji safi tunayachota mbali. Ungemmwagia yale ya kwenye beseni.

Juzi baba yako akasema lazima ukamwombe Maganga radhi, la sivyo usikanyage hapa. Nikamwambia mfidhuli si mtu aliyekasirika. Mfidhuli ni yule anayeiona heshima imewekwa mbele yake, akaikanyaga kwa kuwa ameshiba. Sasa nani aliyekanyaga? Akageuka kulitazama zizi. Namjua mwanangu, alikuwa anawafikiria wale ng'ombe waliotangulia kuletwa.

Sasa sikia, na usipige kelele kwa watu. Jana asubuhi nilifungua zizi mwenyewe, nikawaswaga wale ng'ombe hadi kwa Maganga. Nilimkuta kwenye mizani yake ya kununulia pamba, wakulima wamejaa. Nilimsalimia kwanza. Kisha nikamwambia posa imekwisha, ng'ombe wake hawa hapa, awakague meno. Watu walicheka mpaka wakakalia magunia.

Narudi, nikakutana na baba yako anakuja mbio. Nilidhani atanifokea. Akachukua fimbo yangu, akanishika mkono, tukaongozana. Tulipofika mtoni akaniuliza kama huko Mkula unakula vizuri.

Rudi nyumbani, mjinga wewe. Baba yako msalimie kwa magoti, ukae hapohapo mpaka akuinue mwenyewe. Hajui njia nyingine ya kusema amekosa.

Veronica mpe salamu zangu, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Ukimkuta Maganga njiani, naye msalimie. Sitaki aseme sikukufunza.

Ni mimi bibi yako anayekungoja,
Milembe