Dakika Mbili za Kwaya

Kitale, 3 Machi 2025

Ndugu yangu Barasa,

Kaseti ya Baba haikuliwa na redio. Ninayo mpaka leo, ndani ya soksi, kwenye sanduku la vyeti vyangu.

Nimetanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia na salamu, kama nilivyofanya kwa miaka arobaini na miwili. Sasa basi, hujambo? Wajukuu wazima? Masikio yako je, bado yamekataa? Ungekuwa unasikia ningekupigia simu, nami ningepata nafasi ya kudanganya tena.

Mimi figo zimechoka. Binti yangu Viola hunipeleka kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Daktari ni kijana mwenye adabu. Ameacha kuzungumzia mwaka ujao.

Mwezi wa kwanza uliniuliza: "Nikisimama kwenye kumuse yako, niseme nini?" Ukanikumbusha kwamba msemaji wa kumuse, anayesema na waliofiwa baada ya mazishi, hana ruhusa ya kudanganya, hata kwa ndugu yake. Zamani niliwakataza watoto: nikifa, ibada inatosha, hakuna kumuse. Sasa naitaka, na nataka useme wewe. Lakini huwezi kumsema mtu usiyemjua.

Mwaka wa 1983, mimi nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo na wewe ukiwa Webuye kutafuta kibarua, Baba aliniambia, "Washa hiyo kitu yako." Akazungumza upande mzima wa kaseti: koo zetu, zilikotoka, mfiwa huambiwa nini na huachwa lini anyamaze. Akasema, "Mpe Barasa akirudi." Wiki mbili baadaye tukamzika. Ulipoiomba, nilikuambia redio imeitafuna.

Ni wivu, Barasa. Sina neno lingine la kisomi.

Ndugu yako mkubwa,
Bethwel


Myanga, 19 Machi 2025

Kaka Bethwel,

Salamu nyingi kutoka hapa Myanga. Sisi wazima, mvua imekuja na mahindi tumepanda. Nabwile mjukuu wangu anakusalimia, anasema babu wa Kitale apone haraka. Masikio ni yale yale. Jana jogoo amewika hapa mbele yangu, nikaona tu mdomo.

Barua yako nilisoma nikaifunika siku nne. Nilikasirika, kaka. Nilitumwa chumvi sokoni nikarudi mikono mitupu, nikaulizwa kama masikio sasa yameshuka mpaka miguuni.

Ati wewe unionee mimi wivu? Wewe mwenye joho jekundu la chuo kikuu? Picha yako ya lile joho nimetishia nayo watoto wasiotaka shule, bana!

Lakini wacha nikwambie kitu hujui. Miaka ya kwanza wazee wa Kanduyi waliniita msemaji wa kujiteua. "Nani alikutaja? Baba yako alikufa kimya." Na mimi ushahidi sina, kwa sababu ati redio imekula kaseti.

Tuma kaseti. Na uniambie jambo moja tu: Baba alinitaja?

Mdogo wako,
Barasa


Kitale, 7 Aprili 2025

Ndugu yangu Barasa,

Natumaini barua hii inawakuta salama na mahindi yameota. Mimi bado nipo, ingawa miguu imevimba na viatu vyangu vyote sasa ni vya mtu mwingine.

Kaseti iko kwenye kifurushi hiki. Fundi mmoja hapa mjini, Kipkirui, ameihamishia pia kwenye flashi. Nabwile atakusikilizia.

Wiki iliyopita Viola alinionyesha video yako ukisema kwenye kumuse ya Kanduyi. Watu laki mbili wameitazama, na wewe mwenyewe husikii unachosema! Kitabu changu kilichapishwa nakala mia tano. Sitini ziko chini ya kitanda hiki. Humo kuna sura nzima inayothibitisha kwamba maneno ya kumuse si falsafa, kwamba hekima isiyoandikwa haina mwenyewe wala haiwezi kuhojiwa. Kwa miaka thelathini niliwafundisha vijana hivyo, wakanakili. Hawakujua kwamba mwalimu hakuwa akibishana na mafundisho yoyote. Alikuwa akibishana na mdogo wake wa Myanga.

Swali lako nimeliona. Sikilizeni kwanza.

Ndugu yako mkubwa,
Bethwel


Myanga, 22 Aprili 2025

Kaka Bethwel,

Hujambo na hiyo miguu? Sisi wazima, isipokuwa mbuzi mmoja ameingia kwa shamba la jirani Agneta na sasa hatusalimiani.

Kaseti imefika. Nabwile aliweka flashi kwa spika kubwa ya kanisa, nikaiweka kifuani. Sikusikia neno, kaka, lakini Baba alitembea ndani ya mbavu zangu. Akipumzika nilijua amepumzika. Nililia mbele ya watoto.

Nabwile aliiambia simu yake imwandikie. Ile mashine wanasema inajua kila kitu iliandika habari ya mpira na maombi, haijui lugha yetu hata kidogo. Tulicheka. Basi akaandika kwa mkono, siku tatu, mahali pagumu ananionyesha midomo yake nami namweleza.

Karibu na mwisho Baba anafika kwa fimbo yake ya kumuse, ile msemaji humwachia atakayesema baada yake, anasema, "Na sasa, fimbo yangu..." Halafu Nabwile akaandika: kwaya. Kwaya ya kanisa, dakika mbili! Halafu Baba anakohoa, anasema nipewe kaseti.

Kwaya haiingii ndani ya kaseti peke yake, kaka. Kuna kidole kilibonyeza. Usiponiambia, siku yako nitasimama, nitafika hapo kwa fimbo, na nitawaimbia watu kwaya hiyo dakika mbili. Washangae.

Mdogo wako,
Barasa


Kitale, 13 Mei 2025

Ndugu yangu Barasa,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Agneta naye umsalimie. Kalamu ameshika Viola, mkono wangu umekataa. Kwa hiyo binti yangu anayasikia haya kabla yako.

Usiimbe. Kidole ni changu. Ilikuwa Jumapili, Baba akiwa na siku nane kaburini, ibada ikiwa kwenye redio.

Najua unafikiri nilifuta jina lako. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa dhambi rahisi kuieleza. Baba alisema: "Fimbo yangu ni ya Bethwel. Barasa amshikie mpaka arudi nyumbani."

Nisamehe, hukupewa. Wazee wa Kanduyi walikosea jambo moja tu: hukujiteua. Uliachwa uishike na mtu aliyekataa kurudi.

Mwezi mmoja kabla hujaenda Webuye, nilishuka mtoni asubuhi nikakukuta na ng'ombe watatu. Hukuniona. Ulikuwa unatembea huku na huku mbele yao, umeshika muwa kama fimbo, unawafariji kana kwamba wamefiwa. Yule mwekundu alitaka kupita mbele yako, ukamwambia, "Mama, kaa chini, hapa hapakatizwi." Akasimama. Nilikuja nikucheke. Nilibaki nyuma ya miwa mpaka ulipomaliza, nikimlilia marehemu ambaye hakuwepo.

Ningerudi, ningesimama na karatasi mkononi, na watu wote wangekuwa wanakutazama wewe. Nikafuta jina langu. Kisha nikaona kwaya itanishtaki, nikaificha kaseti nzima.

Waambie hivi siku hiyo, na uwaambie ni mimi niliyesema: fimbo aliachiwa Bethwel, na hakuichukua, kwa sababu alikuwa amemsikia Barasa akisema na ng'ombe.

Ndugu yako mkubwa,
Bethwel