Fomu ya Nasra

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Vikuba thelathini vya asumini, vya kuvaa kifuani, vimekwisha, kumi vimebaki. Harusi ya mtaa wa Kuze. Asumini ya leo mbovu, imechumwa ishafunguka, yanuka maji ya mtungi. Aliyeniletea nimemwambia usoni. Bibi harusi havai maua ya jana.

Nyumba ilijaa wanawake wa kunisaidia kutunga, na mimi nimesema mpaka koo limekauka. Matokeo ya Nasra. A sita, B mbili. Zile B sikuzitaja. Mtoto wa Mji wa Kale, mamake kaachia darasa la saba, asoma kwa ufadhili shule ya ng'ambo ya daraja pamoja na watoto wa mawakili, na amewapita. Nani mwengine mtaa huu? Hakuna. Nimesema hivyo hivyo, na wakaitikia.

Sasa shule yataka achague. Miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu, na njia ni mbili. Majina yake ya Kizungu marefu, mimi naziita Tatu na Sita. Tatu ni masomo matatu tu, yachimbwa mpaka chini: Biolojia, Kemia, Hisabati. Hiyo ndiyo ya madaktari. Sita ni masomo sita, ya kila namna, na juu yake insha ndefu ambayo mtoto ajitafutia habari zake mwenyewe. Nasra yuwataka Sita. Na katika hayo sita ametia Kiswahili.

Kiswahili! Mtu avuke daraja kila asubuhi akasomeshwe alichonyonya? Nimelisema hilo kwa sauti mbele ya wote, nimechukizwa mpaka sindano ikanidunga.

Jumanne, 5 Agosti

Mkutano wa wazazi. Nilivaa buibui langu la ushanga. Yarabi, watu wale. Chumba kina baridi ya mochari, na wao wamekaa wawasifu watoto wao kama wanaonadi mbuzi. Mmoja, mama mwenye miwani kichwani, ati wake ataifanya Tatu na somo la ziada juu, maana hayo matatu humchosha kwa wepesi. Mwengine wake alianza kujitayarisha akiwa na miaka kumi. Wachekeana, wapimana kwa macho, vikombe vya kahawa mkononi. Kinyaa kitupu. Nami nikanyoosha mkono nikasema wangu amepata A nane.

Imenitoka tu.

Mwalimu Kadzo ndiye mshauri wa masomo. Mgiriama, mpole, maneno yake hayana haraka. Kaeleza vizuri. Kumbe hata kwa Sita mtu huingia udaktari, bora awe na Biolojia na Kemia. Nasra Biolojia ameichukua. Kemia ameiacha. Basi ndo hivyo, akienda Sita udaktari kwaheri.

Fomu irudi Ijumaa ya tarehe 15. Sahihi ya mzazi na sahihi ya mtoto. Nafasi za Sita ni chache, zikijaa zimejaa.

Jumatano, 6 Agosti

Tumegombana. Yaani mimi nimegomba. Yeye husema pole pole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nikamwambia, "Kiswahili tunacho humu ndani, bure. Nitakusomesha mimi."

Akanitazama. "Mama, kuku akichinjwa mimi huenda wapi?"

"Kwani madaktari huchinja kuku?"

Akakusanya madaftari yake. Swali gani hilo la kumuuliza mamako? Babake yuwanywa chai yake, ati, "Muulize mtoto ataka nini." Nimuulize nini? Nimemzaa mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nasra amekwenda Likoni kwa bibi yake, atakaa mpaka Jumatano. Nimemsindikiza hadi Feri. Fomu ameiacha mezani, hajaijaza, asema afikiri kwanza. Vyema. Afikiri.

Nimerudi nikakoroga unga wa kaimati. Sahani tisa, nyumba tisa, mlango kwa mlango mimi mwenyewe. "Za daktari hizi. Mwombeeni mwanangu." Wakazipokea kwa mikono miwili. Raha niliyoisikia siwezi kuiandika.

Jumapili, 10 Agosti

Kwetu sahani hairudi tupu. Nalijua hilo na nilikuwa nalingoja. Mayai. Sukari. Tende. Mkebe wa maziwa ya unga. Kila sahani na dua yake, kila dua na daktari wake.

Ya Bi Salma imekuja ya mwisho. Huyu ni wa nyumba ya kona, mwanawe yuko India asomea meno, na mtaa mzima hatulali kwa meno hayo. Kaileta mwenyewe, juu yake boksi la glavu za hospitali.

"Daktari wetu aanze kuzizoea, shoga. Au bado hajaamua?"

Huku anachungulia ndani kama anayetafuta panya. Ile midomo inavyojibana akiuliza! Ningemtapikia.

"Ameamua zamani, shoga. Fomu ishakwenda."

Fomu ilikuwa chini ya kopo la sukari.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeijaza. Alama kwenye Tatu. Sahihi yangu. Kisha ya Nasra. N yake ina mkia, naijua, nimeitazama kwenye madaftari tangu yuko nasari. Nilijaribu mara tatu kwenye gazeti la kufungia maua. Ya nne ikatoka yenyewe.

Nimevuka daraja, nimeiacha shuleni kwa mtu wa mapokezi. Atanishukuru. Mama yeyote angefanya hivyo.

Gazeti nimelichoma. Sijui kwa nini nimelichoma.

Jumatano, 13 Agosti

Amerudi. Mkononi muhogo wa bibi yake, usoni kucheka. Akaziona glavu. Akauliza ni za nini. Nikamwambia. Akaitafuta fomu mezani, kabatini, chini ya mkeka. Nikamwambia nishaipeleka.

"Nani katia sahihi?"

"Mimi."

"Na yangu?"

Nikashughulika na muhogo.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, mtoto akilia nampakata. Kasema neno moja tu: "Umeandika jina langu, mama." Kisha akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi. Ametoa kabatini kimoja kimoja, akaosha vyote, akavirudisha.

Kula hakula.

Alhamisi, 14 Agosti

Babake amechinja kuku, leo alikuwa na wageni. Mimi hushika miguu, yeye hushika kisu. Kuku alipolia nikamwona Nasra atia viatu, apanda ngazi kwenda juu kwenye kamba za nguo. Hakuna nguo iliyoanikwa.

Nikabaki nimeshika miguu ya yule kuku. Miaka yote hii. Kila kuku, kila Idi kila mbuzi. Nilidhani aenda kuanua.

Mtoto aogopa damu na mamake hajui. Mamake anayejua N yake ina mkia.

Leo nafsi yangu yanuka kama jaa la Kibarani lile la zamani, wakati taka zikiungua. Nimemsema Bi Salma. Nimewasema wale wa miwani na vikombe vyao. Wale angalau mbuzi wao wamewanadi hadharani. Mimi wangu nimemuuza hayupo, na jina lake nikaliiba. Kwa nini? Nyumba tisa zinisifu. Sahani tisa za unga na sukari. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati nikageuza uso.

Baba Nasra hakunisema. Alipokuwa atoka kwenda bandarini kazini alisimama mlangoni. "Kesho ndiyo Ijumaa," akasema. Akaenda zake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefika kabla geti halijafunguliwa. Njiani nimepanga maneno: tumekaa kama familia, tumebadilisha mawazo. Maneno safi, hayana ubaya.

Mwalimu Kadzo akanikaribisha kiti. Yule mama wa miwani kichwani naye yuko, kaja kwa shughuli zake, amekaa nyuma yangu angoja. Kati ya watu wote wa Mombasa, yeye.

"Fomu ya Nasra nimeiona, mama. Ilinishangaza kidogo. Lakini nikaona sahihi yake, nikasema basi ameamua."

Yale maneno safi yalikuwa mdomoni tayari. Nikayameza.

"Sahihi hiyo si yake," nikasema. "Ni mimi."

Nyuma yangu kiti kikalia kwaa.

"Ni wewe vipi, mama?" akauliza mwalimu.

"Nimeiandika mimi. Yeye alikuwa Likoni."

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Akanipa karatasi, akasema niyaandike hayo kwa mkono wangu na tarehe chini, na Nasra aje kabla ya saa kumi ajaze fomu nyengine. Nafasi za Sita zimebaki mbili. Nikaandika. Mistari minne, jasho lanitoka kwenye baridi ile. Nilipomaliza nikaongeza wa tano, ambao hakuuomba: kwamba A za Nasra ni sita, si nane.

Mwalimu akausoma. Akakohoa, akaiweka barua kwenye faili.

Nikampigia Nasra. Alifika saa nane, na buibui la nyumbani, kidole kina unga. Akajaza. Nikatia sahihi yangu, yeye akatia yake. Sikumtazama anapoandika. Niliona haya.

Tukarudi pamoja. Tuliposhuka mjini akanunua mabuyu. Akala moja, akala la pili. La tatu akanipa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimezunguka nyumba tisa. Hakuna daktari, nimewaambia. Asoma njia nyengine, aliyoitaka yeye, na daktari nilimtunga mimi. Mayai tushayala, siwezi kuyarudisha. Wengi wamecheka, wakanivuta ndani ninywe chai. Mmoja kasema, "Kaimati zilikuwa nzuri lakini." Nyumba mbili hawakunipa hata kiti, nikatoka upesi.

Bi Salma nilimpelekea glavu zake.

"Kwani Kiswahili mmepungukiwa huko nyumbani?" akaniuliza, midomo ile ile.

Maneno yangu hayo. Niliyasema mwenyewe kwa sauti, mbele ya wanawake wa vikuba, na yeye alikuwako. Sikujua kama yananuka hivi.

"Aliyepungukiwa ni mimi, tena na adabu, Bi Salma," nikamwambia. "Glavu zako hizi. Boksi halijafunguliwa."

Akazipokea. Akazitia kwapani, akarudi ndani. Nami sikuona raha yoyote. Nilidhani nitaona.

Nasra asema nami sasa, lakini ya lazima tu. Chumvi. Ufunguo. Maji yamekatika. Sina haki ya kudai zaidi.

Jumatano, 27 Agosti

Leo alikaa kunisaidia kutunga, sikumwita. Vikuba kumi na viwili. Vyake vimepinda. Nilitaka kumrekebisha, nikautafuna ulimi wangu. Harusi yenyewe ya watu wasioangalia.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya kwanza. Ametoka saa kumi na mbili na nusu. Chai kamaliza, mkate kaacha nusu. Kanibusu mkono akaenda, mkoba umemwelemea bega moja.

Asumini ya leo nzuri, imefumba vyema. Mchana kaja mama mmoja wa Tudor kuagiza vikuba vya mwanawe, mgeni kwangu, hajui habari zetu. Mazungumzo ya kungoja tu. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema mmoja, yuko shule. Akauliza asoma nini.

Kiswahili, nikamwambia. Kiingereza. Historia. Hisabati. Biolojia.

Nikakwama. Nikahesabu tena kwa vidole, matano. La sita halikuja. Nimetia sahihi chini yake na silijui.

Yule mama alikuwa angoja, kwa uungwana. Nikamwambia kweli, silijui. Nitamuuliza akirudi.