Mtaro wa Wazaliwa wa Pili

Jumanne, 2 Julai 1968
Tairi la nyuma limepasuka tena. Mara ya tatu wiki hii. Nimeziba, nimebeba magunia mawili ya chumvi ya Katwe mpaka dukani kwa Mzee Masereka, kilima chote bila kushuka kwenye baiskeli. Hapa Bwera, mpakani na Kongo, hakuna kijana mwingine wa kufanya hivyo. Wako wanaosema wanaweza. Waongo.

Mzee kanipimia sukari, kisha kaongeza kijiko kizima cha bure. Ndivyo alivyo. Ukinunua kiberiti anakupa peremende ya mtoto, hata kama huna mtoto. Mabati ya shule ni yeye. Daraja la miti la kwenda Karambi ni yeye. Na kaptula ni ileile tangu Wazungu wako hapa.

Leo katangaza jambo kubwa kuliko yote. Maji. Kanunua mabomba, yamefika Kasese kwa treni, lori limeyaleta mpaka hapa. Chemchemi iko juu Karambi. Maji yatashuka chini ya ardhi mpaka sokoni, mama zetu waache kupanda kutoka mtoni na mitungi kichwani. Mabomba yake, jasho letu.

Ijumaa, 5 Julai
Soko limejaa. Mzee kasimama juu ya sanduku la sabuni, kagawa kazi.

Sisi Wakonzo jina lako linasema ulizaliwa wa ngapi. Mumbere ni wa kwanza. Baluku na Bwambale ni wa pili. Masereka ni wa tatu. Ukiita "Baluku!" sokoni, wanageuka watu ishirini na mbuzi mmoja. Basi Mzee kasema, "Kila mutu achimbe na jina yake." Wa kwanza watachimba chini, karibu na soko. Wa tatu na wadogo zao katikati. Sisi wa pili juu kabisa, kwenye chemchemi. Wasichana wote, kutoka kina Masika, wa kwanza wao, kushuka, watabeba mabomba. Kiongozi wa kundi litakalomaliza kwanza ndiye atafungua koki mbele ya watu wote.

Kundi letu limenichagua mimi. Yaani nilijichagua, hakuna aliyekataa.

Kundi la kwanza linaongozwa na Mumbere, kaka yangu wa tumbo moja. Tangu nizaliwe yeye ndiye anakula paja la kuku, mimi shingo. Kaniuliza mbele ya watu, "Weye, jembe unajua iko na upande gani?"
Nikamjibu kwa jina la heshima la kaka mkubwa, "Upande wa kwako, yaya, ule haujawahi kushika udongo."
Watu wamecheka. Hata yeye kidogo.

Jumatatu, 8 Julai
Tumeanza. Malengelenge mikono yote miwili. Sisemi kwa mtu. Kina Masika wamepita na bomba begani, wanne wanne, wanatuimbia kwamba wazaliwa wa pili walinyonya maziwa ya mabaki. Tumechimba kwa hasira. Hasira ni nzuri, inachimba vizuri kuliko uji.

Alhamisi, 11 Julai
Jiwe. Limelala katikati ya njia yetu kama kiboko aliyeshiba. Kuzunguka kwa chini ni mawe matupu, siku tatu nzima. Kwa juu udongo ni laini kama unga.

Tumepita juu. Kupanda kidogo tu, kisha mtaro unashuka tena. Nani ataona? Akili ni nywele, na mimi sijanyoa tangu Pasaka.

Jumamosi, 13 Julai
TUMEMALIZA. Wa kwanza kati ya makundi yote, sisi wa pili. Nimeshuka kilima kwa baiskeli nikipiga kengele mpaka sokoni. Mumbere alikuwa ndani ya mtaro, kichwa tu kinaonekana. Nikamwambia pole.

Fundi kutoka Kasese kaunganisha sehemu yetu jioni. Pale kwenye jiwe kasimama. Kauliza kama hapa mtaro haupandi. Nimemwambia ni macho yake, amekunywa tonto, pombe ya ndizi. Ni kweli alikuwa amekunywa tonto. Tumefukia haraka.

Ijumaa, 19 Julai
Sitaki kuandika. Naandika.

Watu wote walikuja. Kutoka Karambi, kutoka ng'ambo Kongo, hata wauza samaki wa Kahendero. Mzee kavaa suruali ndefu. Suruali ndefu! Kaniita, Baluku mwana wa fulani, kiongozi wa walioshinda, njoo ufungue. Nimetembea kama jemadari. Nimezungusha koki.

Koki imekohoa. Mara mbili. Kisha hewa. Kisha hata hewa hakuna.

Tumesubiri mpaka jua limetoka kichwani. Mzee kasema labda maji iko njiani. Sisi wa pili tu tulijua yako wapi. Hakuna aliyefunga koki. Watu wameondoka tu.

Jumapili, 21 Julai
Wanasema mlima umekasirika. Wanasema wa ng'ambo wamekata bomba. Na leo baada ya kanisa, watu wazima, waliokula bure kwa Mzee Masereka miaka yote, wanamwita Mzee wa Hewa. Mmoja kapita dukani kauliza kama anauza hewa kwa kilo au kwa debe. Mzee kamfungia maharage yake, kamwongezea, kama kawaida.

Hilo limenishinda. Nimeingia.

Nikasema, "Mzee, pale kwenye jiwe tulipandisha mtaro. Umepita jicho la chemchemi kwa juu. Maji haiwezi kupanda."
"Haijawahi kupanda," kasema. "Iko tabia yake. Nani anajua?"
"Mimi. Na wazaliwa wa pili wote."
"Basi Bwera nusu wanajua. Ni mimi tu mugeni."

Kacheka. Kacheka mpaka kashika mizani. Mimi nilikuwa nalia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Kisha kasema kesho niwaambie watu mwenyewe, sokoni. "Kwa sauti ileile unayojisifu nayo."

Jumatatu, 22 Julai
Nimesema. Juu ya sanduku lilelile la sabuni. Sauti ilitoka, sijui kutoka wapi. Nikasema Mzee hana kosa, mlima hauna kosa, kosa ni langu, nilitaka kushinda.

Nilingoja Mumbere aanze kunicheka, ningekuwa mimi ningecheka mwaka mzima. Kabeba jembe lake begani. Kauliza, "Jiwe iko wapi?"

Basi. Wamepanda wote, wa kwanza, wa tatu, kina Masika na kuni vichwani.

Jumanne, 23 Julai
Jiwe halikatwi kwa jembe. Linapikwa. Tumerundika kuni, tumewasha tangu alfajiri mpaka jiwe limekuwa jekundu tumboni. Kisha maji baridi ya chemchemi, mitungi kumi kwa mara moja. Limepasuka kwa mlio kama bunduki.

Afande wa kambi ya karibu kapanda mbio, bunduki mkononi, jasho. "Nani napiga risasi hapa?"
"Jiwe, afande," kasema Mumbere.
"Jiwe gani? Lete kitambulisho yake!"

Tumekaa chini kwa kucheka. Hata yeye. Ni mtu wa kaskazini, mke wake naye anateka maji mtoni. Hakuondoka. Kajaza chupa maji nusu, kailaza ndani ya mtaro mpya, kila hatua tano anapiga jicho kuona maji yameegemea upande gani. "Chimba! Bado! Wewe kichwa kubwa, chimba!" Kichwa kubwa ni mimi. Nimechimba.

Jumatano, 24 Julai
Saa nne asubuhi fundi kakaza bomba la mwisho, katikati ya vipande viwili vya jiwe. Leo hajanywa. Tukaachia chemchemi. Tukakaa tunatazamana kama wajinga.

Kisha vigelegele. Kutoka chini kabisa, mbali, vikapanda boma kwa boma mpaka vikatufikia.

Ile koki ilikuwa wazi tangu siku ya aibu. Hakuna aliyeifungua leo! Maji yalikuja yenyewe, yakamkuta mama mmoja wa Kongo ameanika unga wa muhogo chini yake. Alitukana kwanza, ndipo akapiga kigelegele.

Nimekimbia kilima chote. Mumbere kanipita kwenye kona ya kanisa. Sijui miguu ile kaitoa wapi.

Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye matope, suruali ndefu na yote, anakunywa kwa kiganja. Fundi alitaka kuandika jina la Mzee kwenye saruji ya pale kwenye koki. Mzee kasema waandikwe waliochimba. Fundi akahesabu, akasema saruji haitoshi. Basi halikuandikwa jina lolote. Tumelowana wote, watoto, wazee, afande na kofia yake.

Jumapili, 28 Julai
Baada ya kanisa nimepanda juu peke yangu. Udongo pale bado ni mpya, hakuna majani. Nimelala kifudifudi kati ya vipande vya jiwe, nikaweka sikio chini.

Maji yanapita. Sauti ndogo sana, kama mtu anaongea chumba cha pili.

Nimekaa muda mrefu. Nimeshuka kwa miguu, nasukuma baiskeli, kengele sijaigusa.

Mama kauliza nilikuwa wapi. Nimesema natembea tu.